Rangi Nyeupe kwenye Nati

Wiki jana niliwaacha pabaya, na najua wako walionitukana. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu. Nje amesimama shemeji yangu na mfuko wa plastiki uliobeba nguo zake zote. Nyuma yangu mke wangu, dada yake wa tumbo moja, amempa mgongo. Shemeji alikuwa ametoka jela asubuhi ile, kwa kosa langu.

Kwa waliochelewa nitarudia kwa kifupi. Kila nikirudia naona haya upya, na nadhani ndivyo ninavyostahili.

Mimi ni fundi wa magari. Gereji walinibandika jina la Fasta, na jina lenyewe nililivaa kama koti jipya. Shemeji yangu wao walimwita Hakiki, kwa sababu hakuachia gari hata siku moja bila kulizunguka tena na kusema, "Ngoja nihakiki." Ndiye aliyenifundisha kazi. Ndiye aliyenitetea nilipomposa dada yake, wazee wao wakiniona kijana wa papara. Wazee waliona mbali.

Na ndiye aliyetuanzishia mtindo wa rangi. Kila fundi alikuwa na kikopo chake. Ukishakaza nati za gurudumu kwa spana, unachovya brashi na kugusa kila nati. Mimi nyekundu, yeye nyeupe. Mwenzako akirudia kukaza, anafuta rangi yako na kuweka yake. Likitokea la kutokea, hakuna kubishana, rangi inasema nani alikaza mwisho.

Siku ile tulikuwa na gari la mkunga, mama aliyezalisha nusu ya mtaa wetu, binti yangu Mapengo akiwemo. Hakiki alifunga magurudumu ya nyuma, mimi ya mbele. Kwa haraka zangu nilikuwa nimejitungia ujanja: nazungusha nati kwa vidole tu, nazipaka rangi zote kwa mkupuo, halafu ndipo nachukua spana. Mwenye gereji akaniita nikasogeze lori lililoziba lango letu la kijani. Niliporudi nikaona wekundu kwenye nati, nikajua nimemaliza, nikashusha jeki. Rangi yangu mwenyewe ilinidanganya.

Wiki moja baadaye mkunga alifia kwenye mteremko, gurudumu la mbele limelala upande. Gari likavutwa hadi gereji kumsubiri mkaguzi wa polisi. Mchana, wenzangu wamekwenda kula, nikachukua tambara lenye petroli nikafuta wekundu kwenye nati mbili zilizokuwa zimebaki. Kisha nikachovya brashi kwenye kikopo cha Hakiki.

Mahakamani walimwonyesha zile nati. Alizitazama muda mrefu. Alikumbuka kwamba alifunga ya nyuma, lakini alijijua pia kwamba huwa anazunguka na kurudia kazi za wenzake. Akasema, "Kama rangi ni yangu, kazi ni yangu."

Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Nilikohoa tu.

*

"Huyu hakanyagi humu," mke wangu alisema.

"Mama Mapengo, ni kaka yako."

"Alikuwa kaka yangu. Yule mama alinishika mkono usiku kucha nikijifungua. Akatoka kwangu akaenda kwa mwingine bila hata kunywa maji. Leo yuko chini, na huyu yuko mlangoni kwangu na mfuko wake."

Hakiki aliinama akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri tu.

Nilipaswa kusema pale pale. Lakini mimi ni mwoga, na mwoga hakosi njia ya kuchepuka. Badala ya kusema ukweli, nikasema maneno matamu.

"Mke wangu, binadamu ni kukosea. Ameadhibiwa. Wewe na mimi tukimfungia mlango, nani atamfungulia? Nakuomba. Kwa ajili yangu."

Alinigeukia. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Sijui Mungu alikuumbaje wewe," alisema. "Gereji yenu ilifungwa kwa ajili yake. Ulikaa bila kazi kwa ajili yake. Na bado unamwombea."

Akasogea pembeni. Hakiki akaingia. Alipopita karibu yangu alinigusa bega akanong'ona, "Shemeji, ahsante. Sina cha kukulipa."

Nimewahi kupigwa na jeki ya tani mbili kwenye kidole cha mguu. Haikuniuma kama bega lile.

Binti yetu akatoka chumbani. Jina lake lipo, zuri tu, ila tangu meno ya mbele yang'oke mtaa mzima unamwita Mapengo, na yeye anaitika kwa furaha.

"Huyu nani?"

"Mjomba wako," nilisema.

"Yule mbaya?"

Mke wangu akajitia kupanga vikombe. Nilijua kabisa neno lile mtoto kaliokota wapi. Tulikuwa tukizungumza akidhaniwa amelala.

Hakiki akachuchumaa hadi macho yao yakawa sawa. "Ndiyo," alisema. "Yule mbaya. Nimekuja kujifunza kuwa mzuri. Utanifundisha?"

Mapengo alimpima juu mpaka chini, kama mwenye nyumba anavyompima mpangaji. "Unajua kutengeneza baiskeli?"

"Zamani nilijua."

Mtoto akaikokota baiskeli yake hadi katikati ya sebule. Gurudumu la nyuma lilikuwa linacheza kushoto na kulia. Kazi ya kupepesa jicho, nati mbili tu. Mapengo akaleta spana kutoka kwenye sanduku langu, akamkabidhi mjomba.

Hakiki aliishika. Akaiweka kwenye nati, akazungusha kidogo, akaitoa. Akaiweka tena. Jasho lilimtoka kipajini. Mkono uliokuwa ukifunga injini nzima huku mwenyewe akipiga mluzi, sasa ulikuwa unatetemeka kwa nati ya baiskeli ya mtoto.

Akaiweka spana sakafuni taratibu.

"Mpe baba yako," alisema. "Yeye mikono yake inakumbuka. Ya kwangu siiamini."

"Shemeji, hiyo ni nati tu," nilisema. Sauti yangu sikuitambua.

"Hata zile zilikuwa nati tu." Alikaa chini, mgongo ukutani. "Unajua kinachonitesa, Fasta? Si jela. Jela nilizoea. Kinachonitesa ni kwamba sikumbuki. Nimekaa mule ndani najirudisha siku ile, naliona gari, naona nafunga nyuma kulia, nyuma kushoto. Lile la mbele silioni. Najiuliza, kama mikono yangu ilifanya kazi na mimi sina habari, ilifanya mangapi mengine? Magari mangapi nimeyaachia hivyo?"

Mke wangu aliacha kupanga vikombe. Alisimama na kimoja mkononi.

Jamani, mwanamume mwenzangu alikuwa ameinyima imani mikono yake kwa sababu ya mchovyo mmoja wa brashi yangu. Nilijua nimemfunga jela. Sikujua kwamba nimemwibia pia akili yake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, nikainama kukaza ile nati ya baiskeli ili nisionekane uso.

Nilikaza vizuri. Nikarudia. Siku hizi narudia kila kitu, na hakuna anayejua kwa nini.

*

Baada ya kula Hakiki alisema alichokijia.

"Nataka kwenda kwa mume wa marehemu. Kumwomba radhi, uso kwa uso. Mahakamani hawakunipa nafasi. Lakini siwezi kwenda peke yangu. Nataka mtu wa kunisemea. Nataka wewe, shemeji."

Nikaweka tonge chini. "Mimi?"

"Nani mwingine? Tulikuwa wote gereji. Ulikuwa unanifahamu kazini na nyumbani. Na wewe maneno unayo."

Nikaanza kujikuna. "Yule mzee siku hizi hana afya. Tusimtoneshe kidonda. Tungoje kidogo, tutafute siku..."

"Nilimpelekea mtu jana," Hakiki alisema. "Amesema nije. Amesema hata yeye ana jambo la kuniuliza."

Nikamtazama mke wangu aniokoe. Nilikuwa na hakika atapiga marufuku. Ndiye aliyekuwa hataki hata kusikia jina.

"Tutakwenda wote," alisema. "Na mtoto. Yule mama ndiye aliyempokea duniani." Kisha akamgeukia kaka yake, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Nimekasirika nawe sana, kaka. Bado nimekasirika. Ila mume wangu amenionyesha njia."

Nilijipalia makaa kwa mkono wangu mwenyewe, tena nikayapepea.

*

Mume wa mkunga alikuwa anaishi nyumba ileile, ya vyumba viwili na kibaraza. Madirisha yalikuwa yamepakwa rangi karibuni. Alitupokea vizuri mno. Alituweka kwenye viti, yeye akakaa kwenye kigoda. Ukutani palikuwa na picha ya marehemu akiwa amevaa sare yake, anacheka. Nilichagua kiti kinachoipa picha mgongo.

Mke wangu akakaa karibu yangu, Mapengo mapajani pake. Hakiki alikataa kiti. Alisimama na mikono nyuma, kama bado yuko mbele ya askari.

Wote wakanitazama mimi.

Nikasimama. Nikakohoa, kikohozi kilekile cha mahakamani.

"Mzee wetu," nilianza, "tumekuja mbele yako na vichwa chini. Huyu ni ndugu yetu. Alikosa. Kosa lake lilimchukua mtu ambaye sisi sote tulikuwa watoto wake. Hakukusudia. Alipitiwa. Mzee, tunakuomba umsamehe, si kwa sababu anastahili..."

Niliendelea. Nilisema vizuri, Mungu anisamehe. Kila nilipotaja kosa lake nililieleza barabara, maana nilikuwa nalijua kwa ndani. Nilieleza jinsi mtu anavyoweza kuiona kazi imekwisha kumbe haijaanza. Nilieleza majuto yanavyomwamsha mtu kitandani. Mzee alitikisa kichwa pole pole. Mke wangu alilia. Nilipokaa akaushika mkono wangu, akaubana, akaniangalia kama mtu anayejivunia mumewe.

Hakiki alipiga magoti. "Mzee, sina la kuongeza. Kasema yote."

"Inuka," mzee alisema. "Nilikusamehe zamani. Ungekuja au usingekuja. Mke wangu asingenipa amani ndani ya nyumba hii kama nisingekusamehe."

Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, yamekwisha, Fasta. Yamekwisha.

"Lakini nina swali," mzee alisema.

Akaingia chumbani. Akatoka na shati jeupe... hapana, lilikuwa la buluu, lililokunjwa vizuri, linanukia sabuni ya sandukuni. Alilifungua magotini. Ubavuni palikuwa na alama ya vidole vitatu, vyeupe, vya rangi.

"Siku ile baada ya ajali," alisema, "nilikuja gereji kwenu. Ilikuwa alasiri. Nilitaka kuliona gari. Nilishika lile gurudumu, nikaegemea, maana miguu ilikuwa hainibebi. Rangi ikaniganda mkononi. Nikajifuta kwenye shati, sikujali. Kesho yake ndilo nililozikia. Sijalifua mpaka leo."

Hakiki alikuwa amelikazia shati macho.

"Miaka yote sikuwa na swali. Akili haikuwa kwenye rangi. Ila juzijuzi nilikuwa napaka haya madirisha. Nikajichafua, nikajifuta, nikakumbuka. Nikajiuliza, ile rangi ya siku ile mbona ilikuwa mbichi?" Alimwinulia Hakiki uso. Hakukuwa na hasira ndani yake, na hilo ndilo lililonitisha. "Fundi, mkipaka zile nati zenu, rangi inakauka baada ya muda gani?"

"Ukipaka asubuhi, mchana imekauka," Hakiki alijibu. Alijibu kama fundi, kwanza, kabla hajajua anajibu nini.

"Na gari la mke wangu mlilifunga lini?"

"Siku nyingi kabla. Alikuwa ameshalitumia wiki nzima."

"Basi ulilipaka tena lilipoletwa?"

"Mimi?" Hakiki alitikisa kichwa. "Sikulikaribia, mzee. Sikuweza. Nilikaa nyuma ya ghala nalia mpaka wakaja kunichukua."

Kuna kimya cha msiba na kuna kimya cha watu wanaopiga hesabu. Hiki kilikuwa cha pili. Nilitazama sakafu. Nilitazama viatu vyangu. Mapengo alikuwa anahesabu vidole vya lile shati, "Moja, mbili, tatu," kwa sauti ya kimapengo, na mama yake hakumkanya.

Ndipo nilipohisi mkono wa mke wangu. Ulikuwa bado umeushika wangu, lakini ulikuwa umeacha kubana. Dole gumba lake lilikuwa linapita juu ya kucha zangu, moja baada ya nyingine, polepole.

"Baba Mapengo," alisema kwa sauti ya chini. "Siku ile ulirudi nyumbani na rangi nyeupe kwenye kucha."

Nilikunja vidole.

"Nilikusugua kwa mafuta ya taa. Ulikuwa unatetemeka, nikasema ni uchungu. Nikakuuliza rangi ya nini. Ukaniambia umepewa kazi ya kupaka lango la gereji."

"Ndiyo," nilisema. Neno lilitoka lenyewe, kama lilivyozoea.

Alinitazama. Nilimwona anataka kuniamini. Alitaka kwa nguvu zake zote, kwa ajili ya nyumba yetu na mtoto aliyempakata. Lakini na yeye alikuwa na damu ya Hakiki, damu ya kuhakikisha. Akageuza kichwa.

"Kaka. Wewe hujawahi kuniongopea, hata tulipokuwa watoto. Lango la gereji yenu lilikuwa la rangi gani?"

Lango la gereji yetu lilikuwa la kijani. Lilikuwa la kijani kabla hatujaajiriwa na lilikuwa la kijani siku lilipofungwa. Kila aliyewahi kufanya kazi pale anajua.

Hakiki alinitazama.

Nilimwona akiyapanga. Tambara, petroli, kikopo chake, mchana ule. Niliona yanavyofunga moja baada ya jingine, kwa mpangilio, kama alivyonifundisha yeye. Kisha aliinua mikono yake miwili, akaiangalia kiganja, akaigeuza, akaiangalia mgongoni. Mikono haikutetemeka. Ilikuwa imetulia tuli, kama mikono ya yule fundi niliyemkuta siku ya kwanza kazini.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

Lakini macho yake yalikuwa yameshaniacha. Yalikwenda kwa dada yake. Yakashuka hadi kwa Mapengo, aliyekuwa amechoka kuhesabu na sasa anamchekea mjomba kwa ufizi.

"Jeupe," Hakiki alisema. "Lango lilikuwa jeupe."

Mke wangu alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Akaubana tena mkono wangu, kwa nguvu, mkono wa mtu anayeomba radhi kwa kukudhania vibaya.

Mzee wa watu alikunja shati lake taratibu. Sikuweza kujua ameamini au hakuamini.

Hakiki akautazama mlango.

"Shemeji," alisema, bila kunigeukia. "Njoo nje mara moja."